Pima Kwanza, Spea Baadaye

Wasomaji wangu, leo naiweka kando Linux niongee kidogo juu ya magari makuukuu. Sijageuka makanika. Kazi yangu ni ile ile ya kuandika programu, na msije mkadanganywa, sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kutafuta hitilafu. Basi kila nikipita Kirinyaga Road hapa Nairobi, pale wengi wanapopaita Grogan, naona watu wakinunua spea kwa namna ambayo ingemfanya mtu wa kompyuta aachishwe kazi kabla ya saa nne ya chai. Gari linakohoa, plagi zinabadilishwa. Bado linakohoa, koili zinabadilishwa. Bado, sensa ya oksijeni. Bado, pampu ya petroli. Siku likinyamaza hakuna ajuaye ni kipi kilicholiponya, na vile vitu vitatu vizima vilivyotolewa vimebaki kwa fundi.

Mimi naona kubahatisha kunawafilisi wenye magari ya zamani kuliko uzee wenyewe wa magari.

Chukua gari ambalo kila Mkenya analijua, Corolla NZE121. Lilitoka Japani mwaka 2000, na mwaka 2006 nafasi yake ikachukuliwa na umbo jipya. Injini yake, 1NZ-FE ya lita 1.5, utaikuta pia ndani ya Probox. Kwa kuwa sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, hata NZE changa kabisa unayoiona barabarani imekuwa hapa zaidi ya miaka kumi. Imepita mikononi mwa watu kadhaa, na kila mmoja kaacha nyaya zake: huyu redio, yule king'ora, mwingine taa za ukungu. Sisi tunaoandika programu tunaijua hali hiyo vizuri sana. Ni msimbo wa zamani uliorithiwa, usio na maelezo, na kila aliyepita aliongeza mstari wake.

Tuanze na ugonjwa wa asubuhi: unageuza ufunguo, stata inasema "tik", basi. Jibu la mtaani ni betri mpya. Lakini multimita, ambayo bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya betri, ingekupa jibu kwa dakika tano. Gari likiwa limelala usiku kucha, pima betri. Ukisoma volti 12.6, imejaa. Ukisoma 12.2, iko nusu hivi. Chini ya 12 imeisha chaji, ingawa hiyo haina maana kuwa imekufa. Sasa liwashe kwa msaada wa betri nyingine, kisha pima tena injini ikinguruma. Ukiona kati ya 13.5 na 14.5, oltaneta inafanya kazi yake. Ukiona 12 na kitu, betri mpya utakayonunua leo itakuwa imeisha wiki ijayo.

Na kama betri imejaa lakini stata bado inasema "tik"? Hapa ndipo watu wanauziwa stata. Kabla ya kutoa pesa, weka ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri, ile ya risasi yenyewe wala si kile kibanio chake, na ncha ya pili kwenye chuma kitupu cha injini. Mtu mwingine ageuze ufunguo. Ikisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea njiani: waya wa athi, ule unaoifunga betri na bodi na injini, umeota kutu au umelegea. Dawa yake ni msasa na spana. Magari mengi yaliyokaa pwani yana ugonjwa huu kwa sababu ya hewa ya chumvi.

Kuna jirani yangu aliyenunua betri mbili ndani ya mwaka mmoja, na ya pili nayo ikawa inalala chali kila baada ya siku tatu. Tulizima kila kitu, tukafunga milango, tukangoja nusu saa gari nalo lilale. Kisha tukachomoa waya hasi na kuipitisha mita katikati, kwenye tundu lake la ampea 10. (Usijaribu kuwasha injini mita ikiwa hapo, utaiunguza fyuzi yake.) Kwa kawaida gari lililolala linakula chini ya miliampea 50. La jirani lilikula 500. Fanya hesabu: nusu ampea kwa saa 24 ni ampea-saa 12 kwa siku, na betri ndogo kama ile ina 40 hivi ikiwa mpya. Ndiyo siku tatu zenyewe. Tukachomoa fyuzi moja moja huku tukiitazama mita, na ilipofika zamu ya ile iliyolisha king'ora cha wizi, namba ikaporomoka. Betri zote mbili hazikuwa na kosa lolote.

Sasa kukohoa. Injini hii ina koili nne, moja juu ya kila plagi. Kompyuta ya gari ikirekodi P0301, tarakimu ya mwisho inataja silinda, yaani silinda ya kwanza inakosa moto. Haijasema koili imekufa! Hamisha koili ya silinda ya kwanza uipeleke ya tatu, na ya tatu uilete ya kwanza, futa msimbo, endesha. Ukirudi P0303, koili ndiyo mbovu na umenunua moja badala ya nne. Ukibaki P0301, koili haina hatia, sasa hamisha plagi. Jaribio hilo halina gharama, ni spana namba kumi tu. Nashangaa kwa nini halifanywi kila mahali.

Vivyo hivyo na P0171, ule unaosema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Wengi hukimbilia sensa ya oksijeni kwa sababu ndiyo iliyotoa habari. Huko ni kumpiga mjumbe. Mara nyingi ni mpira wa hewa uliopasuka, au sensa ya kupima hewa iliyochafuka na inayohitaji tu dawa yake maalumu ya kuoshea. Msimbo wa hitilafu ni malalamiko ya mahali fulani, kama ule ujumbe mwekundu programu inapoanguka. Unakuonyesha palipoanguka. Palipoharibikia huenda ni mbali na hapo.

Neno la tahadhari kwa mnaotaka kununua kile kisomaji kidogo cha Bluetooth. Marekani ililazimisha mfumo wa OBD-II kuanzia magari ya mwaka 1996, lakini magari yaliyoundwa kwa soko la Japani hayakubanwa na sheria hiyo. NZE ina tundu la pini 16 lenye sura ile ile, na bado huenda kisomaji cha bei nafuu kisielewane nalo. Azima kwanza, ujaribu. Na wale wanaounganisha pini 4 na 13 kwa kipande cha waya ili taa ya injini ihesabu misimbo kwa kupepesa, njia hiyo ni halali, ila hesabuni pini vizuri, maana ya 16 ina umeme wa betri moja kwa moja.

Nimefika kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote: themostati. Gari linachemka, fundi anaitoa themostati na kuitupa. "Huku kwetu kuna joto, haina kazi." Katika programu, huko ni kufuta jaribio linaloshindwa ili ripoti iwe ya kijani. Themostati ya injini hii hufunguka kwenye digrii 80 na kidogo, na kabla ya hapo huyazuia maji ili injini ipate joto upesi. Ukiitoa, kompyuta inaona injini baridi na inaendelea kumwaga petroli ya ziada, nawe unalalamika kwamba gari limeanza kunywa. Oili nayo haipati joto la kutosha kukausha unyevu. Ubaya zaidi, kilichochemsha gari bado kipo! Labda rejeta imeziba, labda feni haizunguki, labda kifuniko cha rejeta hakishiki tena presha. Mjini utaona sindano iko chini na kufurahi. Siku umepakia familia unapanda kutoka Mai Mahiu, injini itachemka tena, na kichwa chake ni cha alumini. Kikipinda, oili ikawa kama chai ya maziwa, hapo hatuongei tena bei ya themostati.

Kuipima ni kazi ya jikoni. Ifunge uzi, iteremshe ndani ya sufuria ya maji, chemsha. Ikifunguka, ni nzima, irudishe. Na ujaze kulanti badala ya maji ya bomba. Kulanti si kwa ajili ya barafu tu, huzuia kutu ndani ya alumini hiyo hiyo na huchelewesha maji kuchemka. (Kifuniko usikifungue injini ikiwa moto, tafadhali.)

Kundi hilo hilo nawaweka wanaotia waya au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi iliyoungua. Fyuzi ya ampea 10 ikiungua mara mbili, kuna waya unaogusa chuma mahali. Ukiinyamazisha, kitakachoungua mara ya tatu ni waya wenyewe, ndani ya dashibodi, nawe umeketi mbele yake.

Sisemi mafundi ni wezi. Wengi wa jua kali wana mikono ambayo mimi sina, na breki za gari langu siwezi kuzigusa, nawapelekea wao. Tatizo ni namna tunavyowalipa. Mteja hakubali kutoa shilingi mia tano kwa "kuangalia tu", lakini anatoa elfu sita kwa kitu anachoweza kukishika. Basi fundi afanye nini? Anauza kitu. Nimeyaona hayo hayo kwa wateja wa programu, wanaolipa kwa furaha kwa kitufe kipya na kununa ukiwatoza siku mbili za kutafuta kwa nini kile cha zamani hakifanyi kazi.

Mara ijayo mwambie fundi kabla hajashika spana: nitakulipa saa moja ya kutafuta, hata usipobadilisha chochote, na kila utakachotoa nitarudi nacho nyumbani. Wengine watakucheka. Akitokea mmoja akaenda kuchukua mita yake, andika namba yake ya simu.