Kisu Si Dawa ya Unene



Picha za matumbo yaliyokatwa na kushonwa zinatufikia hata sisi wa Kama, katika simu zetu. Tumewasikia dada zetu, wanaoonea haya unene wao, wakiulizana kama fedha za likilimba zingetosha kulipia upasuaji huo.

Tunawapinga wote wanaowaambia kwamba kisu huondoa unene. Upasuaji huo hukata ngozi iliyolegea na mafuta yaliyo chini yake, na kukaza misuli iliyoachana kwa uzazi. Mafuta yanayozunguka matumbo kwa ndani, yale yanayoambatana na kisukari, hauyagusi. Tena mwenye uzito mkubwa ndiye aliye hatarini zaidi: kidonda huchelewa kufunga, hutunga usaha, na damu huweza kuganda miguuni ikapanda hadi mapafuni. Ndiyo maana daktari mwangalifu humtaka kwanza apunguze uzito, nao utulie kwa miezi kadhaa. Na anayetazamia kuzaa humshauri angoje, kwa sababu mimba hulegeza tena kilichokazwa. Na kidonda kikifunguka usiku huku kwetu, nani atakishona? Mjini Nairobi kwenyewe, penye madaktari wengi, mwezi wa Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki siku chache baada ya kunyonywa mafuta mwilini.

Wapo pia wenye neno moja tu: dhambi. Hao nao tunawapinga. Baba Mtakatifu Pio XII, alipozungumza na madaktari wapasuaji wa Italia tarehe 4 Oktoba 1958, siku tano kabla ya kufa kwake, hakuulaani upasuaji wa urembo. Alitaka nia iwe njema, na afya isitiwe katika hatari kubwa. Mama aliyekwisha kupungua kilo nyingi, akabaki na ngozi inayoning'inia na kuchubuka kwa jasho, anayo sababu ya kumwendea daktari.

Lakini msichana anayekimbia kicheko cha wenzake ana donda lingine, na donda hilo tumelitia sisi. Tukiri: katika kwaya zetu mwenye mwili mkubwa hupewa jina la utani kabla ya kupewa kiti. Tunamcheka Jumapili, kisha tunashangaa Jumatatu akitafuta kisu. Ni nani kati yetu aliyewahi kumsindikiza kituo cha afya, apimwe uzito, sukari na shinikizo la damu, asiende peke yake?