Vigae vya Rangi Havitaki Haraka

Vigae vya saruji vyenye rangi unaweza kuvitengeneza mwenyewe nyumbani. Kwa kila kilo 1 ya saruji, pima gramu 50 za rangi ya unga ya oksaidi. Changanya vikiwa vikavu, kisha tia kilo 2 za mchanga safi na maji kidogo. Maji yakizidi, kigae huwa dhaifu. Paka kalibu mafuta, jaza, gongagonga hewa itoke. Vaa glavu na watoto wakae mbali, maana saruji mbichi huunguza ngozi.

Kesho yake vitoe, uvifunike kwa magunia mabichi siku 7. Saruji hukomaa kwa unyevu, si kwa jua. Kabla ya kuvipanga, subiri zitimie siku 28. Ukiharakisha kwa ajili ya sikukuu, utakaribisha wageni kwenye nyufa.