Si kila damu ya chooni ni bawasiri



Ndugu msomaji, leo naomba tuzungumze habari za chooni. Najua wapo watakaokunja uso na kugeuza ukurasa, lakini nawaomba wavumilie kidogo. Sisi tuliopita madrasa hatuna sababu ya kuona haya katika mlango huu, kwani tulianza na tahara. Kitabu cha Safinatun Najaa, ambacho wengi wetu tulikisoma tukiwa tumekaa juu ya mkeka, kinataja hata masharti manane ya kustanji kwa jiwe. Wanavyuoni hawakuona aibu kuyaandika hayo, wala walimu wetu hawakuona aibu kutusomesha tukiwa watoto.

Sasa imekuwaje mtu huyo huyo akubali kuona damu kila akistanji, mwezi wa kwanza, wa pili, hata wa sita, na asimwambie hata mkewe?

Maoni yangu ni kwamba mambo mawili yanatumaliza katika ugonjwa wa saratani ya utumbo mpana. La kwanza ni haya isiyokuwa mahali pake. La pili ni neno moja tu: bawasiri. Mtu akiona damu hujipa jina hilo mwenyewe, akanunua dawa, akakaa kwenye maji ya chumvi, na mlango wa kuuliza ukafungwa.

Wala sisemi haya kwa kuwalaumu wagonjwa peke yao. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu ya utabibu alinijia mzee mmoja wa msikitini kwetu. Nilipomwamkia akavuta kiti karibu na kuniambia kwa sauti ya chini: "Mwanangu, ni huu ugonjwa wetu wa watu wazima, bawasiri. Nipe dawa tu niende." Nilipaswa kumlaza kitandani nimpime njia ya haja kubwa kwa kidole. Nikaona haya, kwani ni mtu wa umri wa baba yangu na nilikuwa nikiswali nyuma yake. Nikamwandikia dawa ya kupaka na ya kulainisha choo. Alirudi baada ya miezi saba akiwa amekonda, kanzu inamning'inia mabegani. Safari hii nilimpima, na uvimbe ulikuwa mahali ambapo ncha ya kidole inafika. Kipimo cha dakika mbili ndicho nilichokiacha. Tulimpa rufaa, lakini saratani ilikuwa imekwishafika kwenye ini. Allah amrehemu, na mimi anisamehe.

SARATANI HII INAANZAJE?

Utumbo mpana una urefu wa takriban mita moja na nusu. Huanzia upande wa kulia wa tumbo chini, ukapanda juu, ukavuka kwenda kushoto, ukashuka hadi kwenye puru na njia ya haja kubwa. Ngozi laini ya ndani yake hujibadilisha kila baada ya siku chache: chembe za zamani hufa na mpya huchukua nafasi zao. Katika kazi hiyo isiyokoma hutokea makosa. Baadhi ya chembe huacha kufuata utaratibu, zikaendelea kuzaana bila ya haja, na hapo kinaota kinyama kidogo kiitwacho polipu, mfano wa uyoga mchanga.

Vinyama vingi vya aina hiyo havigeuki kuwa saratani. Lakini vichache huongeza kosa juu ya kosa, vikakua, kisha vikapenya ukuta wa utumbo. Kutoka hapo chembe za saratani huweza kusafiri kwenye mitoki, ini na mapafu. Jambo la kuzingatia ni muda. Kwa kawaida safari ya kutoka kinyama kidogo mpaka saratani huchukua miaka 10 hivi. Maana yake ni kwamba Allah (s.w.) ametupa muhula mrefu wa kuugundua ugonjwa huu, na kinyama kikionekana mapema hukatwa kikatoka, saratani isizaliwe kabisa.

Mwaka 2022 pekee, duniani kote waligundulika watu zaidi ya milioni 1.9 wenye ugonjwa huu, na zaidi ya 900,000 walifariki. Katika nchi zenye takwimu kamili kama Marekani, wanaogunduliwa saratani ikiwa bado ndani ya utumbo, takriban 9 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka mitano. Ikishasambaa mbali, hawafiki 2 kati ya 10. Ugonjwa ni ule ule, ila wakati wa kuugundua ndio unaotofautisha.

DALILI ZAKE

Dalili hufuata mahali uvimbe ulipo. Upande wa kushoto utumbo ni mwembamba na choo kimekwishakauka. Kwa hiyo mgonjwa huona damu, hufunga choo kisha akaharisha, na choo hutoka chembamba kuliko alivyozoea. Uvimbe ukiwa kwenye puru humfanya ahisi hajamaliza haja. Anatoka chooni na kurudi, hapati kitu ila ute na damu.

Upande wa kulia utumbo ni mpana na choo bado ni majimaji, kwa hiyo uvimbe hukua bila ya kuziba. Damu huvuja kidogo kidogo ikachanganyika na choo, macho yasiione. Mgonjwa huchoka, moyo unamwenda mbio akipanda ngazi, viganja vinakuwa vyeupe. Huyu hupewa dawa za malaria na vidonge vya kuongeza damu mara tatu, mara nne, na hakuna anayeuliza damu inakwenda wapi. Nasema wazi: mwanamume mtu mzima, au mwanamke aliyekoma hedhi, akipungukiwa damu bila ya sababu inayojulikana, utumbo wake uchunguzwe.

Zingatia pia kukonda bila kukusudia, maumivu ya tumbo yanayorudi rudi, tumbo kujaa gesi na uvimbe unaoshikika tumboni. Tumbo likivimba, ukatapika, usipate choo wala kutoa upepo, hiyo ni dharura, usisubiri asubuhi.

Ni kweli kwamba damu chooni ina sababu nyingi, na mara nyingi huwa si saratani. Bawasiri ipo, amiba ipo, na kwa ndugu zetu wa Kanda ya Ziwa kichocho cha tumbo kipo. Watibiwe. Lakini kama umemaliza dozi na damu inarudi, au choo kimebadilika kwa zaidi ya wiki tatu, usirudie dawa ile ile. Tena mtu anaweza kuwa na bawasiri na saratani kwa pamoja.

"HUO SI UGONJWA WA WAZUNGU?"

Swali hili nimeulizwa mara nyingi, na lina asili yake. Daktari Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda kwa takriban miaka 20, aliona kuwa saratani hii ilikuwa adimu kwa Waafrika wa zama zake. Mwaka 1971 aliandika kwamba huenda sababu ni vyakula vyetu vyenye makapi mengi. Lakini tujiangalie leo. Ugali wa dona umetupisha, mboga za majani zimekuwa kijiko kimoja pembeni ya chipsi, na kutembea kwa miguu tumewaachia wanafunzi. Tangu mwaka 2015 Shirika la Utafiti wa Saratani la Umoja wa Mataifa limeziweka nyama za kusindikwa, kama soseji, katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Pombe imo katika orodha hiyo, na sisi tumeshakatazwa. Sigara nayo imo, na bado tunaivuta nje ya mlango wa msikiti.

Hatari huongezeka kuanzia miaka 45 hivi, lakini nakutahadharisha usimpuuze kijana: hapa kwetu wagonjwa walio chini ya miaka 50 si wachache. Na kama mzazi wako, kaka au dada yako wa damu aliugua saratani hii, mwambie daktari hata kama huna dalili. Kwa kawaida watu wa namna hiyo hupimwa kuanzia miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu yao aligunduliwa.

UFANYE NINI?

Nenda kituo cha afya, na usiseme "nina bawasiri." Sema ulichokiona: damu ya rangi gani, tangu lini, choo kikoje. Ukiandikiwa dawa bila ya kupimwa, uliza kwa adabu: "Daktari, hutanipima?" Kutazamwa uchi kwa dharura ya tiba kumeruhusiwa kwa kiasi cha haja, na dada yangu unayo haki ya kuomba upimwe na mwanamke mwenzako. Ikibidi utapewa rufaa kufanyiwa kolonoskopi, yaani kamera nyembamba inayopitishwa njia ya haja kubwa kutazama utumbo wote. Hospitali kubwa kama Muhimbili hufanya kipimo hiki. Kinyama kikionekana huweza kukatwa hapo hapo, na kipande hupelekwa maabara.

Ama kuhusu habbat soda, asali na hijama, mimi si mpinzani wake. Ninachosema ni kwamba kwanza ujue unatibu nini. Anayekupa dawa ya bawasiri bila ya kukupima, awe na koti jeupe kama langu au awe na duka la tiba za sunna, anabahatisha juu ya uhai wako.

MFUKO WA CHOO NA SWALA

Nimalizie na jambo linalonisikitisha zaidi. Wapo wanaogunduliwa mapema, wakaambiwa watapasuliwa na watawekewa njia ya choo tumboni pamoja na mfuko, wakakataa. Mmoja aliniambia: "Bora nife na tahara yangu." Ndugu yangu, mara nyingi mfuko huo ni wa muda tu. Na hata ukiwa wa kudumu, fiqhi tuliyoisoma imeshamtaja mtu wa hadathi ya daima. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, mtu huyo hujisafisha na kujihifadhi awezavyo, akatawadha baada ya wakati wa swala ya faradhi kuingia, kisha akaswali bila kuchelewa, na kinachomtoka katikati bila hiari yake hakimharibii swala. Mweleze shekhe wako hali yako akuongoze. Lakini asikudanganye mtu kwamba Allah (s.w.) amekupa uchaguzi wa kufa au kuacha swala.

Masheikh wetu nao nawaomba walitaje jambo hili kwenye darsa za tahara. Waumini wanaostanji kwa maji kila siku wanaweza kuiona damu mapema. Wakiambiwa kwamba kuiona na kunyamaza si haya bali ni kujidhulumu, Insha Allah tutawazika wachache.

Basi leo ukitoka chooni, jiulize tu: hali hii imeanza lini? Kama jibu ni wiki tatu na zaidi, kesho asubuhi usiende dukani, nenda ukapimwe.

Wabillahi tawfiq.