Eti Josh Gibson Kapewa Rekodi ya Huruma? Wavaa Kofia za NY Wajibiwe Leo

Kofia yenye herufi mbili, N na Y, zilizolaliana. Hakuna video ya muziki mjini inayokamilika bila hiyo kofia. Msanii anaivaa, dansa anaivaa, bodaboda anaivaa, hata mtoto wa chekechea kanunuliwa Kariakoo. Ukiuliza hiyo ni alama ya nini, tisa kati ya kumi watajibu "ni Nyuyoki hiyo", stori imeishia hapo. Wala si dhambi. Mtu anavaa kinachompendeza, na hakuna sheria inayomtaka aujue mchezo wa besiboli ndipo aruhusiwe kuvaa kofia ya timu ya Yankees.

Dhambi inaanza pale mvaa kofia anaposhika simu na kugeuka mchambuzi. Kuna kundi la mastaa wa mitandaoni, hawatatajwa majina maana wenyewe wanajijua, ambao wamedaka hoja kutoka kwa wachambuzi wa Marekani na kuirusha huku kama ya kwao. Hoja yenyewe ni kwamba Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani iligawa rekodi za huruma kwa wachezaji weusi wa zamani, eti ili ionekane ya kisasa. Eti Josh Gibson kabebwa. Eti namba zake ni za mchangani.

Haya, twende taratibu.

Kilichotokea ni hiki. Tarehe 29 Mei 2024, katikati ya msimu, ligi iliingiza takwimu za Ligi za Weusi katika kitabu chake rasmi cha rekodi. Hizo ni ligi 7 zilizochezwa kati ya 1920 na 1948, na wachezaji wake ni zaidi ya 2,300. Ligi ilikuwa imeshakiri tangu Desemba 2020 kwamba zilikuwa ligi kuu kama zingine, kilichobaki kilikuwa kazi ya kuhesabu. Hesabu ilipokamilika, kileleni akakaa Josh Gibson, mdakaji wa Homestead Grays. Wastani wake wa upigaji maisha yote ni 0.372, yaani katika kila zamu 1,000 za kupiga zinazohesabiwa, mara 372 alipiga mpira na kufika kituoni salama. Ty Cobb, aliyekalia kiti hicho miaka nenda rudi, ana 0.367. Kwa msimu mmoja, Gibson ana 0.466 ya mwaka 1943. Na kwa nguvu ya upigaji kamshusha Babe Ruth mwenyewe: 0.718 dhidi ya 0.690.

Hapo ndipo kelele zilipoanza.

Hoja ya kwanza ya wabishi: misimu yao ilikuwa mifupi, kwa hiyo namba haziwezi kulinganishwa. Inaonekana ina mashiko mpaka ukumbuke mwaka 2020. Mwaka huo, kwa sababu ya korona, kila timu ilipangiwa mechi 60 tu badala ya 162. Je, ligi ilisema msimu huo ni wa mchangani? Thubutu! Dodgers walibeba ubingwa na kombe wakapewa. Juan Soto akawa kinara wa wastani ligi moja kwa 0.351, DJ LeMahieu akawa kinara ligi nyingine kwa 0.364, na majina yao yako kwenye orodha ya vinara bila alama yoyote ya kuuliza pembeni. Hakuna mvaa kofia aliyelia. Kama mechi 60 za 2020 ni halali, mechi za Gibson zinakuwaje haramu? Ligi yenyewe inapanga kiwango cha zamu za kupiga kulingana na idadi ya mechi ambazo timu ilicheza, na Gibson alifikisha. Kipimo ni kilekile. Kilichobadilika ni rangi ya aliyepimwa.

Tena hiyo misimu mifupi haikuwa uvivu wa mtu. Timu za weusi hazikuwa na fedha wala viwanja vya kutosha, mara nyingi zilikodi uwanja wa timu ya wazungu pale wenye uwanja wanaposafiri. Katikati ya wiki walikuwa barabarani, wanacheza mechi za kirafiki mji hadi mji ili mkono uende kinywani. Unamfungia mtu mlango, halafu unamcheka kwamba hajawahi kukaa sebuleni!

Hoja ya pili: walicheza na wapinzani dhaifu. Hii ndiyo ya kuchekesha kuliko zote. Babe Ruth hakuwahi kukutana na mrushaji hata mmoja mweusi katika mechi ya ligi, maisha yake yote. Ty Cobb vivyo hivyo. Kama kucheza bila kukutana na nusu ya wakali wa nchi kunaharibu rekodi, basi rekodi za kuanza kutiliwa shaka ni zao. Mbona hao hawaitwi wachezaji wa mchangani?

Na jibu la nani alikuwa dhaifu lilipatikana mara tu mlango ulipofunguliwa. Jackie Robinson aliingia Aprili 15, 1947 akitokea ligi za weusi, na mwaka huohuo akawa mchezaji bora chipukizi. Satchel Paige aliruhusiwa 1948 akiwa na miaka 42, umri ambao wenzake wanalea wajukuu, akashinda mechi 6 na kupoteza 1, na timu yake ya Cleveland ikachukua ubingwa. Kisha tazama tuzo ya mchezaji bora wa National League kuanzia 1949 hadi 1959. Ni tuzo 11. Tuzo 9 zilikwenda kwa watu waliowahi kucheza timu za weusi: Robinson, Campanella mara tatu, Mays, Newcombe, Aaron, na Banks mara mbili. Tisa kati ya kumi na moja! Sasa hao "dhaifu" walipataje nguvu ghafla? Walilala dhaifu wakaamka mabingwa?

Hoja ya tatu, ile ya mastaa wetu wa hapa hasa: hii ni siasa, namba zimepikwa ili kufurahisha watu. Kama kuna mpishi, basi huyo mpishi ni bahili kupindukia. Kule kwenye jumba la heshima la besiboli, kibao cha Gibson kinasema alipiga homurani karibu 800, yaani mpira unaopaa mpaka nje ya uwanja. Kamati iliyohesabu ilimpa ngapi? Chini ya 200. Zile zilizopigwa katika mechi za kirafiki ziliachwa nje, na mechi ambazo kumbukumbu zake hazijapatikana hazikuhesabiwa. Willie Mays aliongezewa mapigo 10 tu ya mwaka 1948 alipokuwa Birmingham Black Barons, na homurani zake zikabaki 660 kama zamani. Hank Aaron hakuongezewa kitu, maana alicheza timu ya weusi mwaka 1952, nje ya miaka iliyokubaliwa. Huruma gani hiyo inayokata badala ya kuongeza?

Wabishi wana jambo moja la kweli, na wapewe haki yao: kumbukumbu hazijakamilika. Magazeti mengine hayakuandika matokeo, vitabu vingine vya mechi vimepotea, na takwimu zitaendelea kusogezwa kadiri karatasi zinavyopatikana. Lakini kumbukumbu zilipotea kwa sababu wenye magazeti makubwa waliona mechi za weusi hazina thamani ya wino. Kutumia pengo hilo kama ushahidi dhidi ya Gibson ni kumwadhibu mara mbili kwa kosa la watu wengine.

Na asidhani mtu kwamba ligi inastahili kupigiwa makofi mpaka mikono ivimbe. Gibson alifariki Januari 20, 1947, akiwa na miaka 35, takriban miezi mitatu kabla Robinson hajaingia uwanjani. Hakuwahi kucheza hata mechi moja ya hiyo ligi inayomtambua leo. Rekodi ya 2024 haimrudishii mshahara aliokosa wala kumfuta machozi mtu. Kenesaw Mountain Landis, kamishna aliyeongoza besiboli kuanzia 1920 mpaka 1944, hakuna mchezaji mweusi aliyepita mlangoni wakati wake, na bado jina lake lilikaa kwenye tuzo ya mchezaji bora mpaka lilipoondolewa mwaka 2020. Kwa hiyo ligi haijatoa sadaka. Imelipa kipande cha deni, tena kwa kuchelewa.

Deni lenyewe bado lipo hai. Juni 2024 ligi ilipeleka mechi ya Cardinals na Giants kwenye uwanja wa kale wa Rickwood, Birmingham, kuwaenzi wachezaji hao. Mays alikuwa amefariki siku mbili tu kabla. Kwenye matangazo ya televisheni, Reggie Jackson akaulizwa anajisikiaje kurudi pale. Wengi walitarajia maneno matamu. Yeye akaeleza wazi alivyofukuzwa kwenye migahawa na hoteli za mji huo mwaka 1967 kwa sababu ya rangi yake. Hiyo ni miaka 20 baada ya Robinson! Na mwanzoni mwa msimu wa 2024, Wamarekani weusi walikuwa asilimia 6 tu ya wachezaji, wakati mwaka 1981 walikuwa zaidi ya asilimia 18. Fainali ya 2022 ilianza bila mchezaji hata mmoja mweusi aliyezaliwa Marekani, mara ya kwanza tangu 1950. Mtu mzima anaangalia hizo namba, halafu anasema tatizo la besiboli ni kuwabeba weusi? Akili za wapi hizo?

Ukitaka kujua kwa nini kitabu cha rekodi ni muhimu, muangalie Shohei Ohtani. Msimu huohuo wa 2024 Mjapani huyu alipiga homurani 54 na kuiba vituo 59, mtu wa kwanza katika historia kufikisha 50 kwa 50. Noma sana, na heshima yake apewe. Aaron Judge wa hiyohiyo NY alipiga 58. Ohtani akasifiwa miaka yote kwamba tangu Babe Ruth hajaonekana mtu anayerusha na kupiga kwa kiwango hicho. Tangu Ruth? Bullet Rogan wa Kansas City Monarchs alikuwa akirusha na kupiga kama mfalme miaka ya 1920, na yumo kwenye jumba la heshima tangu 1998. Ila hakutajwa, kwa sababu kitabu kilikuwa na kurasa zilizochanwa. Mtu akichanwa kwenye kitabu, anachanwa hata kwenye midomo ya watu.

Turudi kwa mastaa wenye kofia. Hiyo Yankees inayowapendeza kichwani ilimpandisha mchezaji wake wa kwanza mweusi, Elston Howard, mwaka 1955. Robinson alikuwa ameshacheza miaka 8. Yaani timu tajiri kuliko zote, yenye macho kila kona ya Marekani, ilipitiwa na Mays na Aaron na kuwaacha waende. Kofia si lazima ivuliwe. Lakini kijana mweusi wa Dar au Nairobi anayeivaa, halafu anawacheka watu waliofungiwa mlango na timu hiyohiyo, anafanya kazi ya bure kwa watu ambao wasingemuuzia hata tiketi ya siti nzuri.

Kwa hiyo Gibson hajapandishwa na mtu. Alikuwa pale juu tangu 1943, ila wenye kitabu walikuwa wameziba ukurasa kwa kidole. Kidole kimeondolewa, ukurasa unasomeka. Anayetaka kubishana aje na namba, kiki abaki nazo kwenye ukurasa wake.

Wadau, uwanja ni wenu. Dondosheni maoni hapo chini, matusi hapana.