Pompi Moja Imetengenezwa Sababu ya Video, ya Pili Bado

Wandugu wa Kasongo na Kabambare,

Tuanze na pompi mbili za maji. Zote ziko katika teritware ya Kabambare, zote ziliwekwa na kampuni moja yenye kufanya kazi kwetu. Jina tunaliacha, wenyewe watajitambua. Ziliharibika kiangazi kimoja. Tuliandika barua, tukaandika ingine. Kimya. Halafu kijana mmoja akapiga video: mama mja mzito amebeba bido ya lita 20, nyuma yake pompi imeota majani. Video ikatembea kwenye Facebook mpaka Kindu, mpaka Lubumbashi, mpaka kwa ndugu zetu wa Ulaya. Watu wakatukana sana. Siku ya nne gari ikafika na fundi mmoja na mpiga picha. Jioni ile ile maji yalikuwa kwenye ukurasa wa kampuni, na watoto wanacheka.

Pompi ya pili iko mbele kidogo, kwenye kijiji ambako telefone hazishiki rezo. Hakuna video. Wamama wanachota mtoni mpaka leo.

Tunajua mtasema: si angalau moja ilipona? Ndiyo, na kesho tukiona ingine tutapiga video tena. Lakini tuangalie kampuni imejifunza nini pale. Facebook haionyeshi kila kitu kwa kila mtu. Kuna hesabu ya mashine, inaitwa algoritimu, ndiyo inachagua kipi kipande juu na kipi kizame. Karatasi za ndani ambazo Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wao, alizitoa mwaka 2021 zilionyesha kwamba toka 2017 uso wa hasira ulihesabiwa mara tano kuliko kidole gumba. Ni Septemba 2020 tu ndipo uzito wake uliondolewa kabisa. Karatasi zile zile zinasema watu wa chama kimoja cha Poland walikadiria kwamba maandishi yao ya kushambulia yalitoka nusu yakafika asilimia 80, sababu ndiyo yalikuwa yanatembea. Kama chama kizima kinabadilisha kinywa chake kwa ajili ya mashine, kampuni itashindwa?

Haishindwi. Inaacha kusoma barua, inakaa kuangalia nini kinawaka. Moto ukiwaka, inatuma gari. Usipowaka, pesa inabaki. Na mpiga picha analipwa mbele ya fundi.

Kutoaminiana hakukuletwa na Facebook, tuseme kweli. Banro ya Kanada ilianza uzalishaji wa kibiashara pa Namoya Januari 2016, ikasimamisha kazi Septemba 2019, na wazee wa Salamabila walikuwa na malalamiko yao mbele ya mtu yeyote kule kuwa na telefone ya kugusa. Lakini sasa imezidi. Kampuni ikionyesha shule ya kweli, watu wanasema ni picha tu. Na sisi pia tuna kosa. Siku moja tulisambaza picha ya mto mchafu, tukasema ni wa kwetu. Ulikuwa wa jimbo lingine. Picha ilizunguka siku tatu. Masahihisho yetu hayakufika hata kwa robo ya wale walioiona. Kampuni ilifurahi: ikapata jibu la kutujibu kwa kila kitu, hata kwa yale ya kweli.

Njia ingine iko, na haihitaji mega. Sheria ya madini iliyorekebishwa 9 Machi 2018 inadai kila kampuni inayochimba iwe na kaye de sharje, yaani daftari la ahadi zake kwa wakaaji. Inadai itoe kwa maendeleo yao angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake. Tena asilimia 15 ya redevansi inapaswa kuingia moja kwa moja kwenye sekta, shefri au komini ambako madini yanatoka. Hizo ni hesabu. Hazina uso wa hasira, ndiyo maana hazitembei kwenye Facebook. Tuliweka maelezo yake mara moja, hata rafiki zetu wenyewe walipita tu.

Kwa hiyo tunadai: daftari la ahadi lisomwe kwa Kiswahili, kwenye barza na kwenye redio, hata Sauti ya Mkaaji pale Kasongo, pesa iliyolipwa na iliyopokelewa ibandikwe kwenye ofisi ya sekta kila miezi mitatu, na shefu wa sekta naye aseme ameifanyia nini, asijifiche nyuma ya kampuni, na kila barua ya kijiji ijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 30, kijiji kiwe na rezo au hapana.

Barua yetu ya tatu juu ya ile pompi ya pili imeondoka juma hili kwa pikipiki, nakala kwa administrateri wa teritware. Tunangojea jibu lenye muhuri.