Nyunzu: Tangazo la mtandaoni lisiposikika sokoni, pesa imepotea

Kampuni za simu, benki, wauzaji wa pikipiki na hata mashirika ya misaada siku hizi wanatangaza kwa Facebook na WhatsApp. Mara nyingi tangazo linatengenezwa Kinshasa, Lubumbashi ama Kalemie. Picha yake ni nzuri, rangi zinang'aa, na maandishi ni ya Kifaransa. Likifika Nyunzu, linakuta watu wanaopatana bei kwa Kiswahili, wanaoongea Kiluba ao Kikalanga nyumbani, na ambao wengi wao hawakupata nafasi ya kumaliza shule. Tangazo limelipiwa, limeonekana kwenye simu, lakini mnunuzi hajaongeleshwa.

Popote pengine hilo lingekuwa kosa la biashara tu. Katika wilaya ya Nyunzu, jimbo la Tanganyika, ni zaidi ya hapo. Hapa swali la nani anaongeleshwa na nani anarukwa lina historia yake, na watu hawajaisahau.

Nyunzu iko kwenye njia ya reli inayotoka Kalemie hadi Kabalo, reli iliyokamilika mwaka 1915. Reli hiyo, mashamba na uchimbaji wa dhahabu vimekutanisha Waluba, Wakalanga, Watwa na wafanyabiashara kutoka majimbo mengine. Lakini kuishi pamoja hakukumaanisha kuheshimiana. Watwa walilalamika kwa miaka mingi kwamba wanadharauliwa, wanafanyishwa kazi ya shamba kwa malipo duni na hawapewi nafasi katika uongozi. Kuanzia mwaka 2013 malalamiko hayo yaliingia katika vita kati ya wapiganaji wa Watwa na wale wa Waluba. Mwezi wa Aprili 2015, kambi ya Watwa waliokimbia makwao ilishambuliwa karibu na mji wa Nyunzu. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu watu wasiopungua 30 waliouawa. Februari 2017 pande zote mbili ziliketi Kalemie kutafuta amani.

Mtu anaweza kuuliza: hayo yote yanahusu nini tangazo la mega ama la sabuni? Yanahusu sana. Tangazo ni sauti ya mtu mwenye pesa akisema anataka kuona nani dukani kwake. Kama picha zote zinaonyesha nyuso za upande mmoja, upande wa pili unaelewa bila kuelezwa. Na kama tangazo la mradi linawaita Watwa "mbilikimo", limekwisha kushindwa. Hakuna mfanyabiashara anayemkaribisha mteja kwa kumtajia urefu wa mwili wake. Sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki za watu hao wa asili. Heshima hiyo haifai kubaki kwenye makaratasi ya Kinshasa. Iingie pia katika namna kampuni zinavyowaita wateja wao.

Kuna wanaojibu kwamba dawa ni kutafsiri tu: weka Kiswahili, kazi imekwisha. Hapana. Kiswahili ni kimoja kati ya lugha nne za taifa katika Katiba ya mwaka 2006, na Nyunzu kinaunganisha watu kuliko lugha nyingine yoyote. Lakini ni Kiswahili gani? Tangazo linalochukuliwa moja kwa moja kutoka Dar es Salaam litasema "vocha" na "kifurushi". Mtu wa Nyunzu ananunua unite na mega kwa kabine. Atalielewa tangazo hilo kidogo kidogo, lakini atajua pia kwamba halikutengenezwa kwa ajili yake. Na mama Mtwa akisikia sauti ya mama mwenzake kutoka kijiji cha jirani, atasikiliza tofauti na vile angesikiliza sauti ya studio ya mbali, hata kama maneno ni yale yale.

Jambo la pili ni simu yenyewe. Wanaopanga matangazo wanahesabu simu, lakini kijijini simu moja inatumikia nyumba nzima, pengine na majirani. Anayeishika ni kijana. Anayeamua pesa ya mbegu, ya dawa ama ya kikwembe ni mama au mzee aliyekaa pembeni. Maandishi yanaishia kwa kijana. Sauti inafika kwa wote waliokaa hapo. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp hauli mega nyingi kama video, unaweza kurudiwa, kutumwa kwa kikundi kingine, na kuchezwa kwenye spika sokoni. Redio ya kijamii nayo inaweza kuupokea na kuufikisha kwa wale wasio na simu kabisa. Radio Okapi, tangu ilipoanza mwaka 2002, inatangaza kwa Kifaransa na lugha zote nne za taifa, kwa sababu inchi hii haisikii kwa sikio moja. Wafanyabiashara wa mtandaoni wangejifunza hapo.

Matapeli hawahitaji kufundishwa hilo. Anayetaka kumwibia mama pesa yake ya M-Pesa ama Airtel Money hawezi kufaulu kwa Kifaransa cha ofisi. Atapiga simu, atamwita "mama", atamwongelesha kwa Kiswahili kitamu mpaka ataje namba ya siri. Kama onyo la kampuni linakuja kwa maandishi ya Kifaransa na mwizi anakuja kwa lugha ya nyumbani, nani atasikilizwa kwanza?

Wenye kampuni watasema gharama ni kubwa na soko la Nyunzu ni dogo. Barabara ni mbaya, mtandao unakatika, pesa mikononi ni kidogo. Hayo ni kweli. Lakini kurekodi sauti ya dakika moja hakuhitaji studio ya Kinshasa. Kunahitaji simu, mahali patulivu, na vijana wawili ama watatu kutoka jamii mbalimbali za Nyunzu waliolipwa vizuri kwa kazi yao. Na soko dogo ambalo halijaongeleshwa na mtu yeyote ni la yule wa kwanza kulisalimia.

Kwa hiyo kampuni inayotaka wateja Nyunzu ifanye mambo matatu. Itengeneze tangazo kwa sauti kwanza, kwa Kiswahili cha hapa, halafu kwa Kiluba na lugha nyingine za wilaya. Ihakikishe sauti na nyuso za Watwa zimo, na zinaonekana kama za wanunuzi na wauzaji, si kama za maskini wa kuhurumiwa. Na kabla ya kulituma, ilisikilizishe watu wa pande zote, ili neno la kuumiza ligunduliwe mapema. Wakubwa wa wilaya na wa jimbo nao waombe hivyo hivyo kwa kila ujumbe unaopitia simu za wananchi, uwe wa chanjo, wa uandikishaji ama wa kodi.

Tangazo peke yake haliwezi kuleta amani Nyunzu. Lakini Mtwa na Muluba wanakutana tayari kwenye meza moja ya ndagala, wanalipa kwa franka zile zile. Anayetaka kuwauzia wote wawili aanze kwa kuwasalimia wote wawili.