Ajali Ina Kinga

Hakuna methali itumiwayo vibaya kuliko ile isemayo kwamba ajali haina kinga. Gari likipinduka husemwa. Mashua ikizama husemwa. Na ikiisha kusemwa, kila mtu huinamisha kichwa akaenda zake, pasiwe na wa kuulizwa. Mimi naipinga. Methali hiyo yafaa kuwafariji wafiwa. Haifai kuwaficha wakosaji.

Hebu tutazame mfano. Alfajiri ya tarehe 2 Julai 2014, ndege ya mizigo aina ya Fokker 50 iliondoka katika kiwanja cha Jomo Kenyatta, Nairobi, ikipeleka miraa Mogadishu. Haikufika mbali. Iliangukia jengo huko Utawala, na watu wanne waliokuwamo walikufa wote. Je, hiyo ilikuwa ajali isiyo na kinga? La, hasha! Wachunguzi wa serikali walieleza kwamba marubani walikubali kusafiri hali wakijua kuwa ndege ina hitilafu. Na kengele za tahadhari zilipolia tena na tena wakati wa kuruka, hawakuiacha safari.

Ndege ikimbiapo kiwanjani ina mwendo uliohesabiwa mapema. Kabla ya kuufikia, rubani aweza kusimama. Akiisha kuupita, sharti aruke. Basi nafasi ya kujuta ni ya sekunde chache tu, lakini nafasi ya kukataa ilikuwapo tangu kabla ya injini kuwashwa.

Wala msiba huo si wa pekee. Tarehe 8 Januari 1996, mjini Kinshasa, ndege aina ya Antonov 32 iliyopakiwa kupita kiasi ilishindwa kuruka, ikapita mwisho wa njia yake, ikaingia sokoni. Watu zaidi ya 200 waliuawa, nao walikuwa wakinunua na kuuza mahitaji yao tu.

Atatokea wa kusema kwamba mzigo una mwenyewe, na miraa isipofika mbichi hupoteza thamani. Ni kweli. Lakini hasara ya mzigo hulipika. Mzazi aliyekufa halipiki.

Nami sina haki ya kuwanyoshea kidole marubani peke yao. Siku moja nilipanda matatu kuja hapa Shieywe. Dereva alimwambia utingo wake, nasi sote tukisikia, kwamba breki hazishiki vyema. Hakuna abiria aliyeshuka. Mimi, mwalimu, sikushuka. Tulifika salama, na huo ndio ubaya wenyewe, kwa kuwa kufika salama kulitufundisha kunyamaza tena.

Vijana, kesho mtakuwa mafundi, madereva, marubani na makarani wa kupima mizigo. Mtaambiwa, "Twende tu, Mungu yupo." Mungu yupo, naye amewapa masikio ya kusikia kengele. Na leo, mkipakiwa watatu juu ya pikipiki moja kwenda shule, shukeni mtembee. Mtachelewa, na mwalimu atawauliza sababu. Mwambieni, hana budi kuwasikiliza.